Keki ya Ghorofa na Kibuyu cha Silantoi

Jumapili, 6 Julai

Kikao cha kamati ya sendofu (sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi) ya mjukuu wetu Nalepo, sebuleni kwa mwanangu Stanley, baada ya ibada ya pili. Mwenyekiti: Stanley mwenyewe, baba wa binti. Majukumu yakagawanywa. Shemeji yangu Kandida, mdogo wa mke wangu, kapewa keki. Mke wangu Silantoi kapewa kupokea wakwe kwa maziwa. Mimi, Mwalimu Yoeli, mstaafu wa kemia, babu mzaa baba, nimepewa kupanga magari.

Pamoja na kizibao cha kung'aa! Rangi ya chungwa!

Nilikivaa kujaribu. Kilinienea. Hilo liliniuma zaidi.

Kisha Nalepo akasema kwa sauti ndogo kwamba hotelini anakofanya kazi aliwahi kuonja keki ya jibini, ya matabaka matatu, kila tabaka na ladha yake, na tangu siku hiyo keki nyingine zote anaziona mikate. Kandida akajibu kwamba keki isiyoingia ovenini si keki, ni uji uliogoma. Kamati ikacheka. Nikasimama na kutangaza kwamba nitaitengeneza mimi. Kamati ikacheka zaidi.

Stanley alirithi uvumilivu wangu. Akaamua hivi: Alhamisi nilete ya kuonja. Ikipita, ndiyo itakayokatwa Jumamosi. Isipopita, kizibao.

Jambo si dogo. Kipande cha kwanza cha keki hulishwa mkubwa wa wakwe, na mkubwa wao ni Mzee Simel, mfugaji wa Terrat, babu wa bwana harusi. Hana meno mengi wala maneno mengi. Akifurahi, ukoo mzima umefurahi. Akinuna, binti anaingia nyumba iliyonuna. Kumwachia Kandida jambo hili na sukari yake ya bluu? Haiwezekani.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wengine wamepumzika. Mimi maabara, yaani jikoni.

Nieleze. (Wanafunzi sina tena, lakini shajara haiombi ruhusa ya kwenda chooni.) Keki ya jibini haichomwi. Chini unaweka biskuti zilizopondwa na kuchanganywa na siagi. Juu yake jibini laini, sukari na ladha, ukivishikilia kwa jelatini. Jibini laini la dukani huja kwenye kikopo cha kutosha panya mmoja. Lakini jibini ni nini? Ni maziwa ya mgando yaliyoondolewa maji. Basi! Nimenunua mtindi wa pakiti, nikaumimina kwenye foronya, nikaining'iniza kwenye bomba la bafuni.

Silantoi aliingia kuoga. Akatoka. Akauliza kama foronya ile ni ile aliyoitarizi ndege wawili. Nikamjibu kwamba ndege wako salama, wanachuja. Akasema, Baba Stanley, mimi nilikubali kuolewa na mwalimu, sikukubali kuolewa na kiwanda.

Matabaka yangu: chini kahawa ya miti yetu wenyewe, katikati parachichi, juu nanasi. Hudhurungi, kijani, njano. Uzuri mtupu. Nikamimina yote matatu mfululizo, yangali vuguvugu.

Matokeo: tabaka moja. Rangi ya sare ya mgambo.

Jumanne, 8 Julai

Kanuni imepatikana: kila tabaka ligande kwanza ndipo limwagwe la pili. Kahawa imeganda. Parachichi limeganda, na matone ya limau yamelizuia kuwa jeusi. Nanasi limekataa. Asubuhi, maji. Mchana, maji. Nikaongeza jelatini. Maji mazito kidogo.

Nilipokuwa nanyoa ndevu nikakumbuka. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini ya jelatini. Swali hilo nililitunga mwenyewe kwa mtihani wa mkoa na nililiwekea alama nyingi. Leo ningepata sifuri.

Pasheni badala ya nanasi. Mwanasayansi hajuti, hurekebisha.

Kandida kapita kuazima kijiko. Ana vijiko kushinda hoteli. Akachungulia sufuria, akauliza kwa upole kama mgonjwa anaendelea vizuri.

Jumatano, 9 Julai

Friji imejaa nyama na soda za sherehe. Hakuna nafasi hata ya yai. Nikatoka barazani. Julai hii baridi ya Mlima Meru inashuka mpaka hapa kwetu Sekei kama imetumwa. Nikajiuliza, kwa nini nibembeleze friji wakati mlima mzima unatupoza bure? Nikaweka keki ukutani, nikaifunika kwa kitambaa, nikaingia kunywa chai.

Tumbili!

Walikuja kutoka miti ya mtoni, familia nzima, bila haraka. Wamekula kwa utaratibu ambao sikuwahi kuuona hata kwa kidato cha sita: kwanza pasheni yote, kisha parachichi lote. Walipofika kwenye kahawa wakaonja, wakatazamana, wakaacha. Mmoja aliondoka na kitambaa.

Nimejifunza kwamba ladha ya kahawa inahitaji elimu.

Mtindi umekwisha, na duka la jirani halina. Kesho ni kuonja! Ndipo nikakumbuka kibuyu kikubwa cha Silantoi kinachoning'inia stoo. Kimejaa mgando anaowaandalia wakwe, mzito kama nta. Nimechota kidogo tu, robo hivi. Tuseme nusu.

Mgando wenyewe una vijivu vidogo vidogo ndani yake. Silantoi hasafishi vibuyu kwa maji na sabuni kama watu waliosoma. Hufanya kama mama yake alivyofanya: anachoma kijiti cha oloirien, mzeituni wetu wa mwituni, anakisugua ndani ya kibuyu kingali na moto, ndipo anatia maziwa. Maziwa yanatoka yananukia moshi. Nimemweleza mara nyingi habari za usafi. Hunisikiliza vizuri sana.

Hata hivyo, kahawa itafunika.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeamka na wazo la kijasiri: glasi! Keki ndani ya glasi haihitaji kusimama yenyewe, na kila tabaka linaonekana kama miamba kwenye kitabu cha jiografia. Nikapeleka glasi za chai kwenye kikao, kila mjumbe na yake, ua la bustanini pembeni.

Wakaonja.

Mjumbe mmoja alikwenda dirishani kutazama kama kuna nyumba inaungua. Stanley aliuliza, Baba, hii imewekwa nini? Kandida aliweka kijiko chini taratibu, akapangusa midomo, akasema: shemeji, mimi kazi yangu ni kuoka na nimeona mengi, lakini wewe ni wa kwanza kuunguza keki isiyopikwa.

Mpaka Stanley alicheka. Mwenyekiti!

Kandida akaongeza kwamba keki ya sendofu hukatwa, na glasi haikatwi, labda tuwaalike wakwe na mafundi vioo. Kura zikapigwa. Keki ni ya Kandida. Nikakabidhiwa kizibao rasmi, na filimbi juu yake.

Nalepo peke yake alimaliza glasi yake, akala na ya jirani. Akaninong'oneza kwamba inamkumbusha jikoni kwa bibi. Namhurumia mtoto. Ana adabu mno.

Usiniambie nimeshindwa. Jioni nimechota mgando uliobaki kibuyuni, wote. Nitanunua wa dukani Jumamosi asubuhi nikijaze tena. Maziwa ni maziwa. Kemia haibagui chombo.

Ijumaa, 11 Julai

Mpango mkubwa kuliko yote!

Kandida kaleta keki yake ilale kwetu, kwa kuwa chumba chetu cha nyuma ndicho chenye baridi kuliko vyote katika ukoo. Ghorofa tatu. Kwa majivuno yake mwenyewe alinieleza siri ya kazi: ghorofa mbili za juu ni keki, ya chini ni povu gumu la kufungia televisheni, limepakwa sukari nyeupe kwa ajili ya kimo tu. Wageni hawajui. Kisha akaenda kusuka, akaniachia bakuli la sukari ya kuzibia nyufa. Aliniachia mimi!

Nimetengeneza keki yangu ndani ya sufuria lenye upana uleule wa lile povu. Kahawa. Parachichi. Pasheni. Kahawa nimeizidisha ili kuua moshi. Silantoi alipokwenda mazoezi ya kwaya, nikainua ghorofa za juu, nikatoa povu, nikaweka yangu, nikaipaka sukari nyeupe, nikarudisha mzigo juu. Povu liko uvunguni mwa kitanda.

Imesimama! Nimemwambia Nalepo kesho akate ghorofa ya chini, asiulize. Akaniuliza. Nikamwambia ni elimu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi, 12 Julai

Niandike yote kabla sijasinzia.

Asubuhi Stanley alikuja kunichukua kabla maduka hayajafunguliwa, akasema magari yameanza kufika. Hakuna mtindi ulionunuliwa. Nilipanga magari kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana. Nilipuliza filimbi hata kwa waenda kwa miguu.

Wakwe wakafika kutoka Terrat, mashuka mekundu, fimbo, nyimbo. Mzee Simel mbele. Silantoi akatoka kumpokea, kibuyu mikononi, shanga zinameta. Akakiinamisha. Akakitikisa. Akachungulia ndani.

Nilikwenda kupanga gari lililokuwa limeshapangwa.

Wakampa Mzee Simel soda. Aliitazama kama mtu aliyepewa risiti. Akaketi, kidevu juu ya fimbo, asimwamkie mtu tena. Nyimbo zikafifia. Nilimwona Nalepo kupitia dirisha la ukumbi: mikono yake inakunja na kukunjua kitenge. Jina lile alipewa kwa kuwa alizaliwa saa ya kukamua, na leo nyumbani kwao hakuna maziwa. Nikaacha magari yajipange, nikaingia.

Ikafika keki. Ukumbi ulikuwa umejaa, taa zinawaka, joto la watu. Nieleze kwa kifupi: jelatini hulegea kwenye joto. Na fizikia haikuwa somo langu.

Ghorofa ya juu ikaanza kuinama, pole pole, kama mzee anayesikiliza siri. Mshereheshaji akasema keki inawasalimia wakwe. Watu wakapiga makofi. Ya pili nayo ikainama. Kandida akapiga yowe, akaruka, akazikumbatia zote mbili kifuani, akabaki amesimama hivyo, sukari ya bluu mpaka kidevuni, hawezi kuziweka wala kuziachia. Akanitafuta kwa macho ukumbi mzima. Rangi ya chungwa haijifichi.

Mezani ikabaki yangu peke yake. Imebonyea katikati, lakini imesimama!

Nalepo akanitazama. Akakata. Hudhurungi, kijani, njano! Akapiga magoti mbele ya Mzee Simel, akasema shikamoo babu, akamlisha.

Mzee alifumba macho. Alitafuna kitu kisichohitaji kutafunwa. Akafungua macho, akafungua mdomo, akaonyesha kidole: tena. Akalishwa tena. Ndipo akasimama, mtu asiyesimama, akasema kwamba aliketi hapa kwa hasira, akijiuliza binti mwenye jina la kukamua anatokaje nyumba isiyo na maziwa. Kumbe watu wa Sekei wamesoma, maziwa wameyajengea ghorofa! Akasema moshi ule wa oloirien hajauonja mjini tangu mama yake afariki, na nyumba inayofukiza vibuyu haijasahau mtu. Akaita: mkwe wetu! Nalepo akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Wanawake wa Terrat wakaanza wimbo upya, na safari hii Silantoi alikuwa katikati yao.

Kabla ya kucheza alinipitia karibu. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba sasa anajua kibuyu chake kilikwenda wapi, na kwamba nikome. Lakini alikuwa anacheka. Kisha akarudi kuchukua kipande cha pili.

Kandida alikuja na sukari yake kidevuni. Nikajiandaa. Akaonja kwa ncha ya kidole, akaniambia: shemeji, wewe ni mwizi, mharibifu na muuaji wa keki, na Jumatatu nakuja kujifunza. Halafu akanipaka sukari ya bluu usoni.

Nilicheza na kizibao changu mpaka mwisho.

Jumapili, 13 Julai

Kamati imekutana baada ya ibada, kwa furaha. Keki ya harusi ya Septemba: mimi! Kwa kauli moja! Mzee Simel kaagiza kwa simu kwamba anataka ileile, isibadilishwe kitu. Kandida ataoka ghorofa za juu na, kwa masharti yake, atalala chumba kimoja nazo.

Mchana nimefanya tathmini. Watu wote wanazungumzia moshi. Moshi, moshi. Hawajasoma. Mzee Simel ni mtu wa hisia, alimkumbuka mama yake, hilo halina uhusiano na chakula. Ukichambua kwa utulivu, kilichofanikiwa ni kahawa niliyoizidisha, na uchaguzi wangu wa pasheni. Moshi ulikuwa dosari, na watu walikuwa waungwana kuivumilia.

Septemba dosari hiyo haitakuwepo. Ghorofa tano. Na nimeanza na mzizi wa tatizo: Silantoi alipokwenda kumtembelea Kandida, nimekishusha kibuyu chake kikubwa, nimekisugua ndani kwa sabuni ya unga, dawa ya kung'arisha nguo na brashi ya chupa, mpaka maji yametoka meupe. Weusi wote wa miaka na miaka umeondoka! Sasa kinanukia limau, kama hospitali mpya.

Sijamwambia. Atafurahi mwenyewe akirudi. Nimekianika barazani, ukutani, mahali penye hewa safi na salama kabisa.