Waya wa Kijani, Baba Dogo

Mgeni wetu wa heshima, ambaye udhuru umemzuia kufika; mwakilishi wake, ambaye ni mimi; Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Usalama wa Plagi, Soketi na Mambo Yanayofanana na Hayo, ambaye pia ni mimi; wazee wa mtaa; wachungaji mliofungua kwa maombi na mtakaofunga; kina mama wa kwaya; wapangaji wote wa Majengo ya Upendo, hapa Baba Dogo; mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Sauti: "Tuko kwa jua, mheshimiwa.")

Ndugu wananchi, nina furaha ambayo hata mita ya stima haiwezi kuisoma. Serikali ina macho. Imewaona mkichomeka nyaya uchi kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Imewaona mkidunga kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili ikubali kuingia. Na imesikia habari za Bwana Luseno, ambaye juzi alishika pasi ya mkewe, Bi Nekesa, anayewapigia watu nguo pasi kwa riziki, akarushwa mpaka mlangoni. Pole sana, mama. (Bi Nekesa, kutoka mstari wa mbele, pasi mkononi: "Bado hawezi shika kikombe na ule mkono.") Serikali inaumia pamoja nawe.

Kwa hivyo tekinikali komiti yangu ilifanya fizibiliti stadi ya kina, yaani tulikunywa chai, tukajadiliana, tukanywa chai tena, kisha tukaifungua soketi ya Bi Nekesa. Ndani ya soketi ya ukutani zinatakiwa nyaya tatu. Nyekundu ndiyo yenye moto. Ukiigusa utasomewa wasifu. Nyeusi huurudisha moto ulikotoka. Ya kijani huitwa ardhi, na kazi yake ni kuichukua stima iliyopotea njia ikaizike chini kabla haijakuzika wewe. Je, rangi hizo mmeziona wapi? (Sauti nyingi: "Kwa bendera!") Vizuri sana. Nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu, kijani ni ardhi. Sasa katika soketi ile tulikuta wananchi wapo, damu ipo, lakini ardhi hakuna. (Kicheko kirefu. Sauti: "Nani alinyakua?") Tusiingize siasa kwenye nyaya, tafadhali. Vyama vingi vimetuletea maneno mengi.

Natangaza leo, bila woga wala upendeleo, kwamba kila mpangaji wa Majengo ya Upendo atapewa ardhi! (Makofi, vigelegele. Mzee Sylvance, mstaafu wa reli, arusha kofia juu. Sauti: "Ploti ni hamsini kwa mia?") Waya, mzee. Waya wa ardhi. (Makofi yakatika. Mzee Sylvance aiokota kofia yake.)

Waya huo hauwezi kuishia hewani. Hufungwa kwenye chuma kinachopigiliwa ardhini, na tumechagua uwanja ule vijana walikuwa wakichezea mpira. (Sauti: "Ule wenye ukuta wako?") Ukuta ule unakilinda chuma. (Sauti: "Na hizo nyumba ndani?") Ni za walinzi wa chuma. Kwa ujumla, implementesheni imefikia asilimia mia moja na kumi, na hiyo kumi ya ziada ni jasho langu binafsi.

Basi naizindua soketi hii ya mfano, iliyofungwa kwenye ubao huu mzuri wenye utepe. (Bi Nekesa asimama.) "Mheshimiwa, wacha nijaribu hapo." Kata utepe, mama, usiogope. (Achomeka pasi. Angoja. Aiweka kiganjani.) "Ni baridi." Ubaridi huo ndio usalama wenyewe. (Augeuza ubao. Nyuma ni mbao tupu.) "Hii haina hata waya moja." Ndiyo maana, mama, tangu ifungwe haijamrusha mtu. Nitajieni soketi nyingine Baba Dogo yenye sifa hiyo.

"Mheshimiwa, nguo za watu zimejaa kwa nyumba, na hizo ndizo tunakula. Nikirudi leo, nipige pasi ama nisipige?"

Swali zuri sana. Kamati inasema piga, lakini kanyaga mpira. Vaa patipati, ndala zile za mpira, mguu usiguse ardhi. (Bi Nekesa: "Zangu ziliisha.") Zitaletwa awamu ya pili.

Kwa hayo machache, naishukuru kwaya. Nalishukuru kanisa kwa betri ya gari inayoendesha kipaza sauti hiki. Na zaidi namshukuru mkandarasi wetu, Bwana Walter, shemeji yangu, kwa kazi nzuri ambayo ataianza mara tutakapokubaliana ni kazi gani. Soketi salama! Ardhi kwa kila nyumba!

(Bi Nekesa: "Hizo viatu zako, chini ni mpira?") Mpira safi, mama, umetoka ng'ambo. ("Basi toa.") Pardon? (Umati: "Toa! Toa!") Wananchi, tufuate utaratibu. Askari! (Askari achekelea kando.) Dereva, washa gari. Jamani, polepole, hicho cha kushoto kina kamba.

(Bi Nekesa aenda zake nyumbani, pasi mkono mmoja, viatu mkono wa pili. Mheshimiwa ashuka jukwaani kwa soksi, akikanyaga udongo. Mzee Sylvance avaa kofia yake: "Haya. Mmoja ameshapata ardhi.")