Mzee Eliufoo wa Rangi Sita

Jumatatu, 2 Februari

Siku njema. Mama Salvina ameteremka kutoka Kibosho na picha ya marehemu mumewe, Mzee Eliufoo. Nyeusi na nyeupe, amekaa kitini, hacheki. Anataka nakala sita, moja kwa kila mwanawe wa kiume, za kugawa Jumamosi kwenye misa ya kumbukumbu. Zote zifanane, maana wanawe wanaoneana wivu hata kwa kijiko. Halafu akasema habari zangu na binti yake Doris anazo. Anavyoniona, Theodory leo hivi, kesho vile. Mtu asiyeweza kutoa picha sita zinazofanana atamtunzaje mtoto wake? Nimemjibu mama alale usingizi. Studio yangu haijawahi kushindwa tangu ifunguliwe. (Imefunguliwa Desemba.)

Jumanne, 3 Februari

Ya kwanza imetoka kijani. Mzee kama ndizi mbichi! Nimepunguza kijani kwenye kompyuta. Ya pili zambarau. Nimepunguza zambarau. Karatasi zikaisha, nikafungua pakiti ya aina nyingine. Karatasi ni karatasi. Wino mweusi nao ukaisha. Nikajazia ule niliounyakua mpakani Tarakea, chupa haina hata jina. Ya tatu bluu. Doris amepita, akauliza baba yake amepatwa na baridi gani. Sikucheka.

Jumatano, 4 Februari

Mpango! Ng'ambo ya barabara yupo Manpreet, mwenye studio ya zamani kuliko zote hapa Majengo. Picha zake za nyeusi na nyeupe hutoka kijivu kilekile, leo na mwakani. Inaniudhi sana. Nimeenda kumpeleleza kwa kisingizio cha picha ya pasipoti. Nikazunguka mbuyu weee, kumbe wala haikuhitajika. Akanieleza kila kitu. Karatasi iwe aina moja. Wino usichanganywe. Mpangilio wa rangi ukishakaa sawa, usiguswe. Picha iachwe ikauke mpaka kesho yake ndipo itazamwe, tena dirishani, siyo chini ya taa. Hata chai akanipa.

Mimi siyo mjinga. Nani anatoa siri ya biashara bure, na chai juu? Ananipoteza makusudi. Nitafanya kinyume.

Ijumaa, 6 Februari

Nimemaliza zote sita, upya. Nimezitazama zikiwa bado na unyevu, chini ya taa ya dukani, na kila moja nikairekebisha kwa makosa ya iliyotangulia. Zimefanana! Nimeimba peke yangu. Nikazitoa juani kumwonyesha Ndelilio, fundi cherehani wa jirani. Akauliza hawa wazee ni ndugu au ni marafiki tu.

Nimekaa chini. Nimefikiri. Kila picha nimeitia kwenye bahasha yenye jina la mwana mmoja na kuifunga kwa gundi. Mmoja ataipeleka Soweto hapa mjini, mwingine Rombo, mwingine Dar. Nani atazilinganisha? Wakati mwingine najishangaa.

Jumamosi, 7 Februari

Wamezilinganisha.

Padri alitaka kuzibariki zote pamoja, mezani, katikati ya kihamba, shamba la migomba la ukoo, jua la saa sita. Mama Salvina akafungua bahasha kwa mkono wake. Kijani. Zambarau. Bluu. Moja nyeusi kama masizi, moja imefifia mpaka mzee amebaki kofia tu. Na moja kahawia. Doris akageuka kuangalia migomba. Niliona aibu.

Ndipo ulimi ukanitangulia. Nikasema siyo kosa. Mbuzi akichinjwa, si kila mtu hupewa kipande cha nafasi yake kwenye ukoo? Na picha ni hivyohivyo. Wazee wakatikisa vichwa kukubali! Nikapumua.

Sikupumua sana. Wenseslaus, mzaliwa wa kwanza, akauliza kwa nini yeye kapewa kijani. Hosea, kitindamimba, ndiye mwenye kahawia, akaiingiza ndani ya koti. Wenseslaus akamshika koti. Wengine wakainuka. Pombe ya mbege ikamwagika. Mama Salvina akasimama, wote wakakaa. Akasema ile kahawia ndiyo mumewe hasa, alivyokuwa akirudi shambani jioni. Anazitaka sita, zote kahawia ileile. Zikifanana, nipande na wazee wangu tuzungumze habari za Doris. Ikitofautiana hata moja, nisikanyage Kibosho tena.

Nimeteremka nikifurahi kwa hatua chache. Kisha nikakumbuka kwamba sijui niliipataje kahawia.

Jumanne, 10 Februari

Nimemeza kiburi, nimekwenda kwa Manpreet na kumweleza yote. Hakunicheka. (Alicheka kidogo.) Amenipa pakiti nzima ya karatasi yake, amesafisha printa yangu, ametia wino mpya, na mpangilio wa kahawia ameuweka mwenyewe. Akanisihi kitu kimoja tu: nisiguse.

Ya kwanza kahawia. Ya pili ileile. Tatu, nne, tano! Nimezipeleka dirishani, huwezi kujua ipi ni ipi. Doris machozi yamemtoka, ametoka nje kumpigia mama yake simu. Namsikia akisema sasa Theodory ametulia. Nampenda sana huyu binti.

Imebaki moja. Nimeitazama vizuri kwenye kompyuta. Mzee wa watu angependeza zaidi akiwa na wekundu mashavuni, na baba mkwe lazima umfanyie kitu cha ziada. Nimegusa kidogo tu.