Mikeka Sitini ya Kwenda Mombasa

Jumatatu, 10 Januari 2005. Kiswere.

Ajabu kubwa. Tangu tarehe mosi mwezi huu, Tanzania, Kenya na Uganda zimeungana katika mambo ya forodha. Nieleze, ingawa daftari hili halijauliza: kilichotengenezwa kwetu sasa kinaingia Kenya bila ushuru wa forodha. Nimechora ramani kwa chaki sakafuni, nikafuta mpaka wetu na Kenya kwa kidole gumba. Ukafutika! Nimekaa nikiitazama nafasi ile hadi chai ikapoa. Miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto kuuchora kwa wino mwekundu.

Mnunuzi wa Mombasa anataka mikeka sitini ya Kiswere. Lori linaondoka Lindi Jumatatu ijayo. Tukimwangusha, atatafuta wasukaji wengine na hatarudi. Kina mama wa kikundi wameniachia shughuli yote, mimi katibu wao.

Jumatano, 12 Januari.

Mikeka iko arobaini na minane. Mwanaasha, dada wa marehemu mke wangu na fundi wao mkuu, ametoa hata ule wa harusi aliomwekea binti yake. Nimemwomba wamalize kumi na miwili iliyobaki kwa siku mbili. Akasema mkeka si andazi. Nikamweleza muungano wa forodha kwa muda wa saa nzima. Alisikiliza huku anasuka. Nilipomaliza, ukili wake, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, ulikuwa umerefuka mkono mzima. Maelezo yangu hayakuwa yamefika popote.

Abdurahmani, mwalimu mwenzangu wa zamani ambaye hajanisamehe kwa kupewa ukuu wa shule, aliuliza barazani kama katibu naye anajua kusuka. Nilimjibu kwamba katibu husuka mipango. Watu wakacheka. Nadhani walinicheka mimi.

Ijumaa, 14 Januari. Mitwero.

Nimetangulia na mzigo, nimeuweka hapa karibu na Lindi, kwa mpwa wangu. Mchana nikaenda soko la Lindi. Muuzaji mmoja alikuwa na mikeka ya ukindu kumi na miwili. Idadi kamili! Nikasimama pale kama niliyepigwa na radi. Nikamuuliza imetoka wapi. Akaapa ni ya Kiswere. Nami nimetoka Kiswere asubuhi hiihii, kwa hiyo niliweza kuthibitisha kwamba Kiswere ipo.

Nimeichanganya kwa utaratibu: kila minne yetu, mmoja wa sokoni. Mwanaasha akija sitamwambia. Huo si uongo. Ni kupunguza maelezo, jambo ambalo watu wameniomba kwa miaka mingi.

Jumatatu, 17 Januari. Lindi.

Ofisi ya forodha, mimi na Mwanaasha tulipokewa na Damiani, mwanafunzi wangu wa zamani. Akaniamkia shikamoo, akatandaza mezani cheti cha uasili wa bidhaa, cha kuthibitisha imetoka wapi. Karatasi moja tu! Ikigongwa muhuri, mkeka wa Kiswere unapita mpakani kama kunguru. Nilivua kofia.

Damiani akaeleza kwamba kitu kimoja kikiwa cha uongo, mzigo wote hurudishwa. Kofia nikaivaa tena. Nikamkumbusha kwamba lori linanguruma nje. Akasema kwanza fundi akague, kisha atie dole.

Mwanaasha akapitisha kiganja kwenye ncha za mikeka, huku akimuuliza Damiani hali ya mguu wa mama yake. Hakutazama hata kidogo. Mara akavuta mmoja, akauweka kando. Wa tano. Akavuta wa kumi. Akavuta wa kumi na tano. Mama wa Damiani anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Wa ishirini. Alipofika mwisho, kando palikuwa na kumi na miwili, hakukosea hata mmoja.

"Hii si yetu," akasema. "Ukili wake una chane kumi na tatu za ukindu, sisi husuka kwa kumi na moja. Hii ya Lamu, shemeji. Unawapelekea Wakenya mikeka yao wenyewe?"

Kofia nikaivua tena, safari hii kwa mtu. Nilikuwa nautazama ule mkono. Nchi tatu zimekaa vikao vya miaka kutafuta namna ya kujua kitu kimetoka wapi, na mama huyu anayo kiganjani. Na mikeka ya Lamu, kumbe, ilikuwa imeshavuka mpaka kabla sijaufuta mimi!

Damiani akaandika arobaini na minane. Mwanaasha hakutia dole mpaka jina la Kiswere nalo likaandikwa. Muhuri ukagongwa, lori likaondoka.

Jumanne, 25 Januari. Kiswere.

Mnunuzi amepiga simu. Ameipenda mno arobaini na minane, anataka mingine, na hana haraka. Kina mama wamempigia vigelegele Mwanaasha. Mimi nilikuwa nimesimama karibu. Abdurahmani ametangaza barazani kwamba sasa nataka kuiuzia bahari chumvi. Mwanaasha ameamua nibaki katibu, ila mikeka nisiiguse.

Nimeigusa. Si ukaidi, ni utafiti. Ile kumi na miwili iko chumbani kwangu, nikaichanganya na wangu wa kulalia, nikafumba macho, nikapapasa nipate wa Kiswere. Nimejaribu mara kumi. Mara tisa nimekosea. Mara moja nimepata!

Kwa hiyo kipaji ninacho. Kesho alfajiri nakwenda soko la Lindi, nasikia yule muuzaji ameleta mingine. Safari hii nitapapasa kwanza.