Wahindi Nawajua Mimi

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Kuna habari mbaya, na dawa yake ni mimi. Wamiliki wapya wa kiwanda chetu, familia ya watengeneza pampu za maji kutoka Coimbatore, India, wanakuja kukagua viwanda vyao vitatu vya Marekani. Louisville, Columbus, na sisi hapa Tonawanda, pembeni ya Buffalo. Viwili vitabaki, kimoja kitafungwa. Anakuja Mzee Muthuswamy mwenyewe, na Revathi, binti wa kaka yake, ambaye nasikia anaandika kila kitu. Louisville kesho, Columbus Jumatano, kwetu Ijumaa.

Tukifungwa sisi, itabidi tuhame North Buffalo, tukabanane kwa shemeji Belinda kule Louisville, watu saba choo kimoja. Na Anjelina ataacha masomo ya uuguzi akiwa amebakiza muhula mmoja. Miaka mitatu mke wangu anasoma huku anaogesha wazee wa watu. Leo nimemkuta ameshika kitabu, hasomi, anatazama ukuta. Nimeumia sana.

Lakini juzi kazini Meneja Dave alisema anatafuta mtu anayewajua Wahindi. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Mimi Laurent Rugaba nimekulia Bukoba, na miaka kumi nilikuwa natumwa sukari dukani kwa Bwana Kanji. Nani mwingine ana elimu hiyo hapa Buffalo? Nshombo, fundi wetu wa mashine, Mkongo wa Bukavu asiyejua kucheka, akauliza huyo Bwana Kanji asili yake ni upande gani wa India. Nikamwambia upande wa dukani. Watu wakacheka, yeye akarudi kwenye mashine zake.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimepewa dakika ishirini kuwafundisha wenzangu. Nimetumia hamsini. Mhindi anapenda chapati. Mhindi anapenda chai ya maziwa. Na kubwa kuliko yote, Mhindi hapendi kuambiwa hapana. Akiuliza kitu chochote, jibu ni moja: hakuna shida. Bwana Kanji ukimwambia hapana, siku hiyo hupati hata kiberiti.

Nshombo akanyoosha mkono. Bon, akaanza kwa Kifaransa chake, na kama shida iko? Alimaanisha mashine ya nne, ambayo imekufa tangu mwezi wa tano. Meneja ameifunika turubai na kuweka chungu cha maua mbele yake. Nikamweleza Nshombo kwamba turubai ndiyo jibu. Akachukua spana yake akatoka. Huyu mtu ananionea wivu, sina shaka.

Jumanne, 7 Oktoba

Belinda, ambaye naye ni mfanyakazi wa kiwanda cha Louisville, amepiga simu. Louisville wameharibu vibaya. Meneja wao alimpa Mzee chupa ya wiski ya Kentucky na mkoba wa ngozi ya ng'ombe. Mzee hanywi pombe, hali nyama, na ngozi ya ng'ombe hakuigusa hata kwa kidole. Alishukuru kwa adabu zote, vitu vikabaki kwenye kiti. Nilicheka hadi nikakohoa. Anjelina akanikumbusha kwamba mdogo wake naye anakula kupitia kiwanda hicho. Nikaacha kucheka, kwa nje.

Halafu Belinda akasema jambo lililonikata maini. Chapati pia Mzee aliziacha. Kwao ni kusini, watu wa wali, na kwenye karamu wanakula juu ya jani la mgomba. Gift, binti yetu, ana miaka kumi na nne, akasema kwa Kiingereza kwamba mtu anayedai kuwajua Wahindi ni sawa na Mmarekani anayedai kuwajua Waafrika. Nimemnyang'anya simu kwa saa moja. Nimemrudishia baada ya dakika kumi kwa sababu nilihitaji anitafutie ramani.

Lakini jani la mgomba, jamani. Mimi Mhaya. Nimezaliwa katikati ya migomba. Hata Mungu yuko upande wangu.

Baada ya chakula Hyacinthe akapiga. Huyu ni rafiki yangu kabisa, alikaa kwangu mwaka mzima alipofika kutoka Bukavu. Sasa ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha Columbus, anaishi Linden, mtaa wa huko huko, na mkewe Nzigire na watoto wawili. Alisema kaka, wewe Wahindi unawajua, nisaidie, tukifungwa niende wapi na watoto. Moyo ulinivuta pande mbili. Nikampa nusu ya elimu yangu. Nikamwambia akiulizwa chochote ajibu hakuna shida, na wasimamizi wenzake wote wajibu hivyo hivyo. Habari ya jani nikaimeza. Nusu inamtosha, nikajiambia, maana na mimi nina familia.

Jumatano, 8 Oktoba

Hyacinthe amepiga kutoka Columbus. Mzee aliwaketisha akawauliza habari za mama zao, za watoto, vyumba vingapi, wanasali wapi. Nusu saa nzima, kazi haijatajwa. Kisha akauliza kama wanaweza kumaliza pampu elfu nne kwa wiki sita. Wasimamizi wote wakajibu hakuna shida. Akauliza tena. Hakuna shida. Akauliza mara ya tatu, taratibu, akimtazama Hyacinthe machoni. Hakuna shida. Mzee akatabasamu, akasema vizuri, tutaona.

Hyacinthe ananiuliza hiyo tutaona maana yake nini. Nikasema ni ndiyo ya kistaarabu. Mimi mwenyewe, nikiombwa kwenda kwenye kikao cha harusi nisichokitaka, nasema tutaona. Lakini mimi ni Mtanzania, ni jambo tofauti kabisa.

Sasa nimeingiwa na hofu. Je, Columbus wameshashinda kwa elimu yangu mwenyewe? Lazima niwapite. Wao wamesema wiki sita, mimi nitasema nne.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata majani ya mgomba kwenye duka la Wavietnamu, yamegandishwa kama samaki. Jani bila kubabuliwa motoni linapasuka, kila Mhaya anajua. Nimeyababua kwenye jiko la umeme. Moshi ukajaa, king'ora cha moto kikalia, mwenye nyumba akashuka na soksi moja. Nikamwambia hakuna shida. Anjelina alifungua madirisha yote bila kunitazama, kisha akaniomba, kwa sauti ya chini, kesho ninyamaze tu nifanye kazi yangu ya kuendesha foklifti ya kubebea mizigo. Baba Gift, nakuomba, akasema. Nilimhurumia, hajui mipango mikubwa inavyofanyika.

Meneja ameagiza wali, dengu na mboga kwa watu wote. Kazini nimewafanyisha mazoezi watu kumi na wanane namna ya kumaliza kula. Bibi yangu alitufundisha kulikunja jani kuelekea mbele, mbali na wewe, mchuzi usikumwagikie. Tumerudia mara sita mpaka wakawa wanakunja pamoja kama wanajeshi. Nshombo hakuhudhuria. Alikuwa chini ya mashine ya nne, miguu tu inaonekana.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijavua hata viatu. Naandika hivyo hivyo.

Mzee Muthuswamy ni mfupi, amevaa sweta la kahawia, anaongea taratibu. Alianza na habari za watoto wetu, mmoja mmoja. Meneja Dave alikuwa akiangalia saa. Mimi nilijibu yote, nikaongeza na ya jirani.

Kisha likaja swali. Pampu elfu nne, wiki sita, tunaweza? Meneja akanitazama. Nikasema hakuna shida, tena kwa wiki nne. Mzee akauliza tena. Hakuna shida. Akauliza mara ya tatu. Nikajibu kwa nguvu zaidi. Revathi akaandika neno moja, akafunga daftari lake. Bwana Kanji hakuwahi kuuliza mara tatu.

Chakula kikaniokoa. Mzee alipoona majani mezani uso wake ulifunguka. Akakaa, akala kwa mkono, na sisi tukala kwa mkono. Akauliza nani aliyefikiria jambo hili. Nikasimama wima. Revathi akafungua tena daftari. Nilimwona Anjelina kabisa, amevaa joho la kuhitimu, ananipigia makofi.

Tulipomaliza nikatoa ishara. Watu kumi na wanane wakakunja majani kwa pamoja, kuelekea mbele. Mzee akaacha kutafuna. La kwake alikuwa ameanza kulikunja kuelekea tumboni. Revathi akamnong'oneza Meneja, na Meneja akawa mwekundu mpaka masikioni. Kwao, ukishiba ukafurahi, jani unalikunja kuelekea kwako. Kulikunja mbali nawe ni chakula cha matanga. Mzee akasimama, akaweka mkono kifuani, akauliza kwa upole nani amefariki.

Wote kumi na wanane wakanitazama. Ningeweza kusema nimekosea. Wazo hilo lilipita, sikulisimamisha. Nikasema mjomba wangu. Mzee akanipa pole, akauliza lini. Sijui kwa nini, nikasema mwezi wa tano.

Hapo Nshombo akaweka chini glasi yake. Akasema, kwa Kiingereza chake cha Bukavu, kwamba bon, aliyekufa mwezi wa tano ni mashine ya nne, mtu hajafa. Akaenda akavuta turubai, chungu cha maua kikaanguka kikavunjika. Akasema pampu elfu nne kwa wiki sita haiwezekani. Wiki tisa, ikiwa beringi mpya ya mashine hiyo itakuja. Bila hiyo, kumi na mbili. Akatoa mfukoni beringi iliyovunjika. Miezi mitano anatembea nayo, anasubiri mtu wa kumwonyesha.

Nilitamani ardhi ipasuke. Meneja alifumba macho. Mzee akaichukua ile beringi, akaigeuza geuza, akamshika Nshombo kiwiko, wakaenda wakainama pamoja kwenye mashine kwa saa nzima. Mimi hakuniaga.

Nimemwambia Anjelina kwamba Nshombo ametumaliza. Akauliza mjomba yupi niliyemuua. Kisha akaenda kusoma, kama mtu anayeaga vitabu vyake.

Ijumaa, 24 Oktoba

Wiki mbili sijalala vizuri. Uamuzi ulisubiri Diwali, sikukuu yao ya taa, ipite. Leo Meneja amesoma barua ya Mzee mbele yetu.

Tonawanda tunabaki! Louisville nao wanabaki. Belinda anasema pamoja na wiski yao, mtunza stoo wao alimwambia Mzee wazi kwamba wiki nane ndiyo chini kabisa. Columbus inafungwa mwisho wa mwezi huu.

Mzee ameandika kwamba kwenye viwanda vyake India anaambiwa hakuna shida kuanzia asubuhi hadi jioni, na kila hakuna shida imemletea mzigo uliochelewa. Ndiyo maana anauliza mara tatu, kumpa mtu nafasi ya kusema hapana bila kuona haya. Columbus hakuna aliyeitumia nafasi hiyo. Tonawanda ameitumia mmoja. Nshombo sasa ni msimamizi mkuu, Januari anakwenda Coimbatore.

Kwenye barua lazima kiandikwe kitu, naelewa. Ukweli ni kwamba majani ndiyo yaliyotuokoa. Mzee alikuwa ameshiba, na mtu aliyeshiba hafungi kiwanda. Nimempa Nshombo hongera, nikamwambia hata mimi asinisahau. Akasema, donc, aliyekusahau ni nani, na akanisalimu kwa mkono wenye grisi.

Anjelina alilia jikoni kwa furaha, nikamkumbatia. Muhula wake uko salama. Kisha akajitoa, akauliza na Nzigire je, na watoto. Nilimpigia Hyacinthe mara nne leo. Hakupokea.

Jumamosi, 1 Novemba

Wamefika. Hyacinthe, Nzigire, watoto wawili, mabegi sita, godoro juu ya paa la gari. Wametumia muda wa saa sita njiani kutoka Linden. Watoto wamelala chumbani kwa Gift, wazazi kwenye kochi. Hyacinthe amenikumbatia, akaniita kaka, hajanilaumu hata kidogo. Nzigire hajanisalimia.

Mezani Anjelina akaniuliza mbele ya wote, ni nani aliyemwambia Hyacinthe ajibu hakuna shida. Kijiko cha Nzigire kilisimama hewani. Nikaeleza kwamba elimu ilikuwa sahihi, ila Hyacinthe aliisema bila kutabasamu. Anjelina akainuka akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Nilijisikia vibaya, kweli nilijisikia vibaya, kama robo saa hivi. Kisha Nshombo akapiga simu. Amemtafutia Hyacinthe nafasi kwetu. Usaili ni Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, na anayesaili ni mhandisi mpya aliyeletwa kuifufua mashine ya nne. Nshombo amesema Hyacinthe aende mapema, aseme ukweli, basi. Ushauri wa fundi huo, hauna ujuzi wa mila za watu.

Maana huyo mhandisi ni Mjerumani. Na Wajerumani nawajua mimi. Waliitawala Bukoba. Boma lao lipo mpaka leo, tulikuwa tunacheza gololi nyuma yake. Nimekaa na Hyacinthe mpaka usiku wa manane kumweleza. Amesikiliza kwa makini, kichwa chini, maana analala kwenye kochi langu na hana kwingine. Nimemwambia asifike saa mbili. Afike saa mbili na nusu, bila haraka. Mjerumani anamheshimu mtu mwenye shughuli zake.