Mizunguko Kumi na Miwili

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimepata! Mzee Pazi wa Mzenga kanipa kazi ya geti. Likimridhisha, ataijibu posa yangu kwa bintiye Raudha. Lisipomridhisha, nisikanyage kwake. Grili za madirisha kampa Ambokile, jirani yangu wa karakana hapa Picha ya Ndege. Huyo husokota nondo mara nne tu kisha anajiita fundi. Mimi nitasokota mara kumi na mbili. Mzee ajue anamwoza nani.

Jumanne, 5 Agosti
Nondo ya kwanza nimeibana kwenye jiliwa, nikaichora mstari wa chaki ili nihesabu mizunguko. Wa nne, safi. Wa saba, kutu inapukutika. Wa tisa, mizunguko ya chaki ikasongamana mahali pamoja. Pambo la bure! Nikakaza. Tak! Nondo imekatika bapa, nami nimekaa kwenye ndoo ya rangi. Ambokile kaja kusema eti chaki ikisongamana, hapo ndipo chuma kimechoka, niache. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Agosti
Dawa ni ugumu. Nimechukua vyuma vigumu kwa muuza skrepa wa Tangini, nikavichoma vikaiva wekundu, nikavitosa majini. Vigumu kweli! Havikufika hata nusu mzunguko. Vimepasuka mshazari, kama chaki ukiinyonga. Ambokile kaniambia nimeviua mwenyewe kwa maji. Nimerudi kwenye nondo zangu, nimezisokota zikatike zinapotaka, nikaunga vipande kwa kuchomelea na kupaka rangi ya dhahabu. Nani atajua?

Jumamosi, 9 Agosti
Shangazi Mwanne, dada yake Mzee Pazi, kajua. Geti limesimama Mzenga, wageni wanalisifu, yeye akaliegemea afunge vizuri kanga. Nondo tatu zimeng'oka, shangazi yuko barabarani chali, anataja ukoo wangu wote. Raudha alicheka. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumapili, 10 Agosti
Nimekwenda kuomba radhi. Shikamoo yangu imeitikiwa na shangazi peke yake, tena kwa kuguna. Baadaye Mzee Pazi kasema ananipa nafasi ya mwisho kwa sababu Raudha kaniombea. Ameniombea! Masharti: geti la nondo zilizonyooka, zisisokotwe hata mara moja. Akaniapisha mbele ya watu. Nimeapa, na kiapo nitakitimiza, mimi si mhuni.

Ila mzee alitaja geti tu. Komeo hakulitaja. Komeo nitalisokota mara kumi na nane.