Tumbo Safi kwa Ajili ya Domitille

Jumanne, 7 Juni 1983
Habari imefika! Domitille, infirmière anayeuguza wagonjwa kwenye dispensaire, amesema Jumapili niende kwao, mtaa wa Saio, nijionyeshe kwa mama yake. Mimi, Anselme, fundi wa saa wa Mudzipela! Kwao mchumba anapimwa mezani: sahani tatu za bugali na samaki. Ukibakiza, umemdharau mama, na binti humpati. Na tumbo langu ni bovu tangu utoto. Nampenda Domitille mpaka nafunga saa za watu kinyume.

Honoré wa duka la nguo anamtaka pia. Yule anakula hata miba.

Jumatano, 8 Juni
Nimepata akili. Nimenunua sokoni tetra, vile vidonge vya rangi mbili. Nitaua vijidudu vyote vya tumbo mapema, samaki aingie nyumba iliyofagiwa! Muuzaji aliuliza naumwa nini. Nikamwambia siumwi kitu, ndiyo ujanja wenyewe. Vitatu asubuhi, vitatu jioni.

Jumapili, 12 Juni
Aibu gani hii! Sahani ya kwanza ilipita. Kwenye ya pili tumbo lilinguruma, mama yake Domitille, Mama Godelive, akauliza kama mvua inakuja. Nikakimbilia choo. Mara nne! Honoré, aliyekuja eti kusalimia tu, akamaliza sahani yangu. Akaongezewa!

Jumatatu, 13 Juni
Domitille amekuja kunipima. Nikasema sikumeza kitu. Akanitazama. Nikakiri vyote. Akafoka: tumboni iko vijidudu vizuri vingi, ndivyo vinasaidia kusaga chakula na kufukuza vibaya, na weye umeua walinzi pamoja na wezi! Nitupe vidonge, nile wali laini. Kila jioni ataniletea maziwa ya kuganda, na vile vizuri vitarudi polepole. Halafu akaweka mkono juu ya tumbo langu. Mama wee! Sikusikia maneno mengine.

Jumamosi, 18 Juni
Nimepona. Bahati mbaya kabisa. Jioni tano alikuja na kibuyu, akakaa mlangoni, akanicheka, nikafurahi kuchekwa. Leo asubuhi amebonyeza tumbo akasema kazi imeisha. Amemwomba mama yake, na mama amekubali: Jumapili ya tarehe 26 nirudi mezani, mara ya mwisho. Nikishindwa, ni Honoré. Hadi siku hiyo Domitille hatakuja: mimi si mgonjwa tena, na si vizuri msichana kufuata mchumba nyumbani.

Siku nane! Kiti chake kiko mlangoni, kitupu. Nimekitazama tangu asubuhi. Namtamani mpaka kifua kinauma, na kwa kifua hanipi maziwa.

Sikutupa vidonge vyote. Nimemeza viwili. Viwili tu! Tarehe 26 iko mbali, tumbo litakuwa limetulia. Nimemtuma jirani akamwambie Domitille nimezidiwa, aje na maziwa.

Saa kumi. Tumbo bado kimya. Nimeongeza vitatu.