Mmoraviani na Kifungu cha Tisa

Jumatatu, 5 Machi 2012

Nimeficha jambo miaka thelathini na mitatu: mimi si Mlutheri. Ni Mmoraviani wa Sikonge. Nilipofika Brussels, ibada ya Kiswahili ilikuwa ya Walutheri peke yao, nikasema na mimi Mlutheri. Baadaye, nisije nikashukiwa, nikaandika mwenyewe kifungu cha tisa cha katiba ya usharika: Meza ya Bwana ni ya Walutheri tu. Hodari!

Sasa daktari wa hospitali ya kule Woluwe anasema moyo umechoka. Nataka nishiriki kihalali walau mara moja kabla sijafa. Na Mungu si mchoyo. Jumapili mkutano mkuu utapigia kura hoja ya ushirika kamili na Waanglikana na Wamoraviani. Tatizo moja: hoja ni ya Mzee Godfrey. Tangu lini Godfrey akawa na mawazo?

Jumatano, 7 Machi

Nimeharibu. Katibu ni mimi, kwa hiyo hoja nimeichapa mimi. Niliogopa neno Wamoraviani litaniumbua, nikalifuta. Nakala sitini zimeshasambazwa mtaa mzima wa Etterbeek ndipo nikakumbuka kwamba nalihitaji: bila neno hilo hoja hainihusu.

Godfrey amepiga simu kuuliza Wamoraviani wamekwenda wapi. Nikasingizia kompyuta. Akanipa pole, akauliza kama nimekunywa dawa. Upole wake unaudhi.

Ijumaa, 9 Machi

Mpango mpya. Barua isiyo na jina kwa Mchungaji Frida, kuwatetea Wamoraviani. Nikamtuma Mathilde, mama wa Bujumbura anayenihudumia, aibandike stempu na kuitia posta. Akaipeleka kwa mkono.

"Papa, timbre ya nini, na anakaa hapa karibu? Nilimwambia inatoka kwako."

Nilinuna mpaka alipoleta supu. Nashukuru kwa supu.

Jumapili, 11 Machi

Lifti mbovu. Godfrey, miaka sabini na mmoja, amenishusha ghorofa tatu mgongoni.

Mchungaji akaisoma barua bila kumtaja mwandishi. Ukumbi mzima ukanitazama. Nikashika kiti, nikasimama, nikakiri: mimi ni Mmoraviani. Nilitegemea angalau mtu mmoja azimie.

Godfrey akacheka. "Mzee Laurean, tunajua tangu zamani. Sisi mkate tukipewa tunakula. Wewe unaushika mkononi, unatungoja ili tule wote pamoja."

Kwetu Sikonge ndivyo ilivyo! Na mimi huwa nafumba macho. Sikuwahi kuona kwamba hapa hakuna anayengoja.

Kumbe kila mwezi wamekuwa wakivunja kifungu changu kwa ajili yangu. Nililia kama mtoto. Wamoraviani wakarudishwa, kura za siri zikapigwa. Ndiyo hamsini na moja, hapana moja. Imepita! Asante, Bwana.

Jumatatu, 12 Machi

Mchungaji ameniletea Chakula cha Bwana kitandani. Mathilde, Mwanglikana, ameshiriki. Godfrey naye. Wote wakaishika mikate yao, wakaningoja. Sistahili watu hawa. Naweza kufa hata Alhamisi hii bila malalamiko.

Godfrey amebaki kidogo. Ile kura moja inamsumbua. Anamwombea aliyeipiga, eti lazima ana kidonda moyoni. Nikamdokezea kwamba kiongozi wa kwaya ana uso wa hapana. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

Ni mimi. Nilishika kalamu kwa shukrani zote, nikaona juu ya karatasi, kwa herufi kubwa: HOJA YA MZEE GODFREY. Nikaandika hapana.